Ruhusa ya Kutazama Tu

Seva ya Ushirika wa Wafugaji wa Olkeri ilikuwa na mpenzi wake, na mpenzi huyo aliitwa Tajeu. Hilo lilijulikana na kila mtu katika ofisi ya Kitengela, kuanzia mlinzi wa lango hadi Madam Jacinta, meneja mwenyewe. Mashine ikianza kukokota miguu, na watu wakabaki wamekodolea skrini zao macho kama wagonjwa wanaosubiri daktari, Tajeu aliitwa kutoka alikokwenda kunywa chai. Alikuja bila haraka, ufunguo wa chumba cha seva ukining'inia kifuani kwa uzi wa shanga nyekundu na nyeupe. Alifungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake. Kabla hujamaliza kukohoa, kazi ilikuwa imerudi mbio. Kisha alitoka akifuta mikono kwa kitambaa, kana kwamba ametoka kuzalisha ng'ombe.

"Umefanya nini?" Falis alimwuliza mara ya kwanza alipoliona jambo hilo.

"Nimeingia tu," Tajeu alisema.

Wala hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililomkera Falis kuliko uongo wowote.

Falis Burhan alikuwa msimamizi wa hifadhidata. Yeye ndiye aliyetunza ghala la kumbukumbu ambamo kila ng'ombe, mbuzi na kondoo aliyepita kwenye mizani ya ushirika aliandikwa: ni wa nani, ana uzito gani, amenunuliwa na nani. Mwaka huo wa 2005 alikuwa na diploma mpya, ulimi usiojua kurudi nyuma, na kazi ya majaribio iliyokuwa inaisha mwisho wa mwezi. Hifadhidata yake iliishi ndani ya seva ya Tajeu kama mpangaji ndani ya nyumba ya mtu, na mpangaji huyu hakuruhusiwa hata kujua kama paa linavuja. Hakuweza kuona prosesa ya mashine inatumika kiasi gani, wala nafasi iliyobaki kwenye memori, wala kama diski zimeelemewa. Alichoweza kuona ni kwamba mambo yanakwenda polepole, na hilo hata Elsie wa mapokezi aliliona.

Siku za mnada wa Kajiado ndizo zilizokuwa mbaya kabisa. Siku hizo Tajeu mwenyewe alikuwa huko huko mnadani, akiunganisha mizani na printa, na ufunguo ulikuwa Kajiado pamoja na shingo yake. Karani wa mizani, Wasike, alikuwa na kompyuta moja iliyozungumza na seva ya Kitengela kupitia mnara, na simu moja ya mezani ambayo mkono wake ulikanyagwa na ndama aliyeingia ofisini bila kualikwa. Tangu siku hiyo simu ilifanya kazi kwa spika peke yake. Ukimpigia Wasike, umeipigia Kajiado nzima.

"Falis, hiyo hifadhidata yako imelala tena," Wasike alisema siku ya mnada uliopita. "Niko na mbuzi hapa wamesimama kwa mizani mpaka wamesahau walikuja kufanya nini."

Nyuma yake ilisikika sauti ambayo Falis aliijua tangu tumboni mwa mama yake. Ilikuwa ya Mzee Burhan, baba yake, mfanyabiashara wa mifugo.

"Mwambie huyo mtoto mbuzi wangu wanakonda kwa foleni."

Kesho yake Madam Jacinta alimwita. Madam alikuwa mwanamke wa kanisa, mpole, aliyetoka Siaya na kuhamia Kitengela kwa sababu ya kodi nafuu, na aliyechukia ugomvi kuliko kitu chochote duniani.

"Mwisho wa mwezi natakiwa kuandika kama tunakuajiri ama tunakuaga," alisema. "Bodi inasema hifadhidata ndiyo mbovu. Mimi sijui. Lakini mnada ujao ukienda vile huu umeenda, nitaandika kile bodi inataka."

"Si hifadhidata, Madam. Nipe ruhusa nione hali ya seva, nitakuonyesha."

"Seva ni ya Tajeu. Ongea na Tajeu."

Falis hakungoja hata kiti kipoe. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha seva, ambako Tajeu alikuwa akipangusa vumbi kwenye feni kwa brashi ya kunyolea ndevu. Lazima isemwe kwamba hapakuwa na mashine safi kuliko ile katika wilaya nzima ya Kajiado. Vumbi la Kitengela, ambalo huingia hata ndani ya mayai, halikuwa limepata njia ya kuingia mle.

"Nataka kuona takwimu za utendaji wa seva yako," Falis alisema akiwa amesimama mlangoni.

"Unataka kuona nini?"

"Prosesa, memori, diski. Uniweke kwa lile kundi la watu wanaruhusiwa kutazama. Ni kazi ya dakika moja."

"Ndiyo uzihesabu?"

"Zinajihesabu zenyewe. Mimi nasoma tu."

Tajeu alipuliza brashi yake. "Iko sawa. Haina shida."

"Kila siku ya mnada inakufa."

"Mimi nikiingia inakufa?"

"Ukiingia inafufuka."

"Basi mgonjwa si huyu. Mgonjwa ni yule anakaa ndani yake."

"Bwana Tajeu, ruhusa ya kutazama haigusi kitu."

"Macho yanagusa," Tajeu alisema, akaendelea kupangusa.

Maneno hayo mawili yalitembea ofisini kuliko waraka wowote wa meneja. Kufikia wakati wa chakula cha mchana ilikuwa imekumbukwa kwamba siku Falis alipochungulia dirisha la chumba cha seva, stima ilipotea mtaa mzima. Ikakumbukwa pia kwamba aliisifu printa ya uhasibu, na printa ile haikupona tena. Elsie alianza kufunika skrini yake kwa kitenge kila Falis alipopita kuelekea chooni. Naye Madam Jacinta, kwa nia njema kabisa, aliiingiza seva katika maombi ya asubuhi, kati ya ukame na afya ya mwenyekiti wa bodi. Falis, Mwislamu pekee ofisini, alisimama kwa heshima huku wenzake wamefumba macho. Aliamua moyoni kwamba ataitikia amina kwa maombi yoyote yatakayokuwa na neno ruhusa ndani yake. Hayakuwa nalo.

Nyumbani kwao, nyuma ya duka la vitambaa la mama yake, alimmwagia baba yake yote. Mzee Burhan alikuwa akila, na kwa kawaida hakuna habari iliyomzuia kutafuna. Safari hii aliacha.

"Rudia hapo. Ulisimama kwa mlango?"

"Ndiyo, Aabo."

"Hukumsalimia?"

"Nilimwona asubuhi."

"Ukamwambia, nionyeshe zako, nataka kujua zimefika wapi na ziko na afya gani, na ufanye haraka, ni dakika moja."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema hivyo. Mimi nikienda kwa boma ya mtu niseme hivyo, nitarudi hapa na alama ya rungu, na mama yako ataniuliza nilifanya nini, na sitakuwa na jibu."

"Aabo, ni kompyuta. Tena si yake, ni ya ushirika."

"Nani anailisha? Nani anaifungia usiku? Ufunguo uko kwa shingo ya nani?"

Falis alimsogezea sahani ya nyama.

"Mimi nimenunua ng'ombe za Wamaasai kabla hujazaliwa," Mzee Burhan alisema, akirudi kwenye nyama yake, "na sijawahi kuuliza mtu ako na ngapi. Nakaa. Nakunywa chai. Nauliza mvua. Nauliza kama watoto ni wazima, siulizi ni wangapi. Halafu yeye mwenyewe ananiambia, haya, twende ukaone. Na nikiona, nasema mashallah kabla mdomo haujafunga. Na wewe usianze salamu, yeye ni mtu mzima. Mngoje akusalimie."

"Nisiposalimiwa?"

"Utakuwa umejifunza kunyamaza. Mama yako atachinja mbuzi."

Asubuhi iliyofuata Falis alisimama tena kwenye mlango wa chumba cha seva, akiwa na vikombe viwili vya chai kutoka chupa ya Elsie. Hakusema neno. Tajeu alimtazama, akapangusa feni. Alimtazama tena, akapangusa feni ile ile.

"Kuna mtu amekufa?" aliuliza hatimaye.

Falis alitikisa kichwa.

"Madam amekutuma?"

Alitikisa kichwa tena. Tajeu aliweka brashi chini. Alivitazama vile vikombe viwili, kisha jambo likamjia usoni polepole, akasimama wima na kunyoosha shati.

"Takwenya," alisema, salamu ya mzee wa Kimaasai kwa msichana.

"Iko," Falis aliitikia.

Hapo ndipo alipokaribishwa kiti. Walizungumza juu ya mvua ambayo haikuja, na juu ya nyasi. Walizungumza juu ya Kimana, kwao Tajeu, ambako mashamba ya vitunguu yalikuwa yamemeza njia za ng'ombe hadi mtu anazunguka nusu siku kufikia maji aliyokuwa akiyaona kutoka mlangoni. Falis aliuliza kama watoto ni wazima. Aliambiwa ni wazima. Hakutaja prosesa hata mara moja, ingawa neno lenyewe lilimwuma ulimini kama pilipili. Chai ilipokwisha, Tajeu alifuta masharubu.

"Sasa, ile siku ulikuwa unataka kuona nini?"

Falis alimweleza tena, safari hii akiwa ameketi. Alimwambia kwamba mashine ina makundi ya watu. Liko kundi la wanaosimamia, ambao wanaweza kuwasha, kuzima na kufuta. Na liko kundi jingine, la wanaotazama utendaji tu, ambao wanaona kama mashine inahema au imetulia, basi. Huko ndiko alikotaka kuwekwa. Tajeu alivuta kibodi. Alisoma kila neno kwenye skrini akitikisa midomo, akalipata kundi la watazamaji, akaandika jina la Falis, akalikagua mara mbili, akabonyeza.

"Sasa nenda kwa meza yako ujaribu kuiharibu," alisema.

"Nijaribu nini?"

"Jaribu kuizima. Mimi niko nyuma yako."

Falis alijaribu kuizima. Skrini ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Futa kitu."

Hana ruhusa.

"Kingine. Futa ile kubwa."

Hana ruhusa. Tajeu alicheka mpaka akashika meza. Akamwita Elsie aje aone msomi wa diploma akikataliwa na mashine, akamfanya Falis arudie yote tangu mwanzo, na Elsie naye akafurahi sana, kwa sababu ilikuwa siku yenye kazi kidogo.

Kisha Falis akafungua grafu. Mstari wa prosesa ulikuwa umelala chini kabisa, mtulivu, kama mtoto aliyeshiba.

"Mashallah," alisema kwa sauti ya kufika hadi lango.

"Hapo sawa," Tajeu alisema. "Sisi kwetu tunatema mate kidogo, ndiyo baraka ikae."

"Kwa kibodi yangu?"

"Hewani tu."

Na akatema, kwa adabu, manyunyu yasiyotosha kulowesha stempu, juu kidogo ya skrini. Elsie aliamua papo hapo kwamba hataazima meza ile maishani mwake.

Mnada ulipofika, pikapu ya ushirika ilimchukua Tajeu na ufunguo wake mapema. Madam Jacinta alivuta kiti akaketi kando ya Falis, mkoba wake mapajani, kama mtu aliyekuja kushuhudia kesi. Kwa muda mstari ulitambaa chini chini na Wasike akapitisha ng'ombe bila neno. Halafu, ghafla, mstari ukapanda. Ulipanda wima hadi ukagonga dari la grafu, ukakaa huko huko.

"Hiyo ni nini?" Madam aliuliza.

"Prosesa. Imeshikwa yote."

"Na hifadhidata yako?"

"Ndiyo hii hapa chini. Imesimama tu, haipati hata mahali pa kupita."

Falis alifungua orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi ndani ya seva. Juu kabisa, ikiwa imejitwalia karibu nguvu yote ya mashine na kuwaachia wengine makombo, palikuwa na programu yenye jina moja: Fahali.

"Fahali ni nani?" Madam aliuliza.

"Si wangu."

"Basi mtoe."

"Siwezi, Madam. Niko na ruhusa ya kutazama tu."

Madam alifikiri. "Kwa hivyo tunakaa hapa tukimwangalia akikula."

"Ndiyo, Madam. Na tunamwona vizuri sana."

Falis alipiga simu ya mkononi ya Tajeu. Ililia ndani ya droo ya Tajeu, hatua chache kutoka walipokaa, ikalia mpaka ikachoka. Wakati huo huo simu ya mezani ya ofisi ikaita, na Falis akaifungua kwa spika. Alikuwa Wasike, na nyuma yake palikuwa na kelele za mbuzi, ng'ombe, na wanaume waliokuwa wamekwisha kuishiwa na subira.

Falis aliitazama simu ile. Alijua spika ya Wasike ilikuwa imeelekezwa wapi na ilisikika hadi wapi. Alijua pia kwamba Madam alikuwa kando yake, na bodi nyuma ya Madam, na kwamba foleni ikikaa hivyo hadi jioni, hakuna grafu itakayomwokoa.

"Wasike, nipe Tajeu."

"Ako hapa, ameshika waya. Wewe ongea tu, anaskia. Sisi wote tunaskia."

"Bwana Tajeu, kuna programu kwa seva inaitwa Fahali. Ni nini?"

Wanaume wa Kajiado wakasogea karibu na simu. Mbuzi mmoja tu ndiye aliyeendelea na mambo yake.

"Iko picha," sauti ya Tajeu ilisema.

"Picha ya nini?"

"Ya ng'ombe yangu. Inatokea kwa skrini nikitoka nikakawia, ndiyo mashine isikae pweke."

"Inatokea tu, ama inafanya kitu?"

"Inazunguka. Unaona pande zote." Hata kwa mbali kiasi kile, fahari ilishindwa kujificha katika sauti yake. "Hadi kivuli iko."

Falis akaelewa kila kitu. Tajeu alikuwa amenunua Nairobi diski yenye programu ya kuchukua picha za mnyama na kumfanya azunguke kwenye skrini kama yu hai, kila mashine inapoachwa saa mbili bila kuguswa. Seva ile haikujengwa kwa ajili ya kuchora. Prosesa yake, iliyopaswa kuhudumia mizani, ililazimika kuchora kila pembe, kila nundu na kila unywele wa mkia, upya, bila kupumzika.

"Hiyo picha ndiyo inamaliza seva," alisema. "Ukitoka ukakawia, inaanza. Ukirudi ukagusa kipanya, inapotea na kazi inarudi. Si mkono wako, Bwana Tajeu. Kila siku ya mnada unamfungia ng'ombe wako ndani na mashine, anaikula mpaka jioni, halafu tunaambiwa hifadhidata ni mgonjwa."

Aliyeanza kucheka alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi. Wengine wote wakamfuata. Kicheko kilitoka katika simu ile hadi Elsie akasimama mapokezi kuona kimetokea wapi.

"Tajeu," Madam Jacinta alisema akiinamia simu, "kuna ufunguo mwingine?"

"Madam, hii simu inaskika na watu wote."

"Watu wote wako na mbuzi kwa foleni. Uko wapi?"

"Uko ndani ya ile birika ya wageni. Ile haitumiki."

Elsie, ambaye kwa birika hiyo hiyo alikuwa ameinywesha bodi nzima chai juma lililopita, alifumba macho.

Ufunguo ulipatikana chini ya majani ya chai yaliyokauka. Falis alifungua mlango, baridi ya kiyoyozi ikampiga usoni, na pale kwenye skrini akamkuta. Alikuwa fahali mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, nundu kama kilima, pembe zilizofunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Alizunguka polepole, bila haraka, akimwonyesha Falis ubavu mmoja, kisha uso, kisha ubavu wa pili. Alikuwa mzuri. Hilo Falis hangelikana hata mahakamani. Alisimama akimtazama hadi Elsie, aliyechungulia nyuma yake, akamkoholea.

Falis akagusa kipanya. Fahali akatoweka.

Kutoka kwenye simu iliyoachwa wazi mezani ilisikika printa ya Kajiado ikianza kulia kama imepandwa na wazimu, na Wasike akiita majina ya watu. Mstari wa grafu ulianguka chini. Juu ya kelele zote ikapanda sauti ya Mzee Burhan.

"Tajeu, huyo fahali anauzwa?"

"Hauzwi."

"Nundu yake iko vipi?"

Tajeu alikuwa akijitahidi kubaki na hasira, na wote waliomsikia baadaye walikubaliana kwamba alijitahidi sana. Lakini swali lilikuwa limeulizwa vizuri. Akaanza kuieleza nundu.

Mnada uliisha mapema kuliko minada yote ya mwaka ule.

Kesho yake Tajeu alikuja kazini amevaa koti. Aliingia ofisini kwa Madam Jacinta bila kupitia chumba cha seva, na Falis akaitwa. Mezani palikuwa na barua ya ajira, imechapwa tayari, ikingoja sahihi.

"Nimeitoa ile picha," Tajeu alisema. "Sasa skrini ni nyeusi tu. Hiyo si neno. Neno ni hili. Huyu msichana nilimpa kuona. Kusema mbele ya watu wa rika langu sikumpa. Jana mpaka jioni, kila mtu ananiuliza kama ng'ombe yangu imeshiba. Watoto wananiuliza. Wasike ameniuliza."

"Hukuniambia nisiseme," Falis alisema.

"Kitu kama hiyo inaambiwa mtu?"

"Simu ilikuwa ni hiyo moja. Yako ilikuwa kwa droo."

"Na nikaangalia hiyo grafu mimi pia," Tajeu aliendelea, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa koti. "Imechora kila kitu ya wiki. Huu mlima wa kila asubuhi saa tatu ni wa nani? Hapa ng'ombe haikuwa inazunguka. Mimi nilikuwa ndani."

Falis aliitazama karatasi. "Huo ni wangu," alisema. "Ni ripoti ya Madam. Nitaihamisha iwe saa ya chakula."

"Ripoti yangu?" Madam Jacinta aliuliza, akarudi nyuma kitini kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa katika kesi ya wengine. "Basi kila mtu ameona. Sasa tupatane. Falis, hii barua nataka kuitia sahihi, na bodi imekubali. Lakini nataka ofisi yangu iwe na amani kwanza. Mwombe mzee msamaha."

Tajeu alikunja mikono kifuani akangoja. Hakuwa na chuki usoni. Alionekana hata ameandaa namna ya kusamehe.

Falis aliligeuza neno lile mdomoni. Lilikuwa jepesi, na mtu yeyote katika Kitengela yote angelisema akaenda kunywa chai. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na barua ilikuwa hapo hapo, karibu kiasi cha kuisoma kichwa chini.

"Madam, mimi nimeombewa hapa pamoja na ukame," alisema. "Nikipita, skrini zinafunikwa na kitenge. Printa ikifa, ni mimi. Stima ikipotea, ni mimi. Nani aliniomba msamaha?"

Nje ya mlango, mtu aliyekuwa akisikiliza alisogeza mguu.

"Hayo ya macho si mimi nilianzisha," Tajeu alisema.

"Ulisema macho yanagusa."

"Si yamegusa?"

Falis aliitazama tena ile karatasi ya grafu. Tajeu alimngoja, kisha akamgeukia meneja.

"Madam, wewe tia sahihi tu. Huyu atasimama hapo mpaka jioni, na ile ripoti yako haijahama."

Madam Jacinta alishusha pumzi ndefu, akachukua kalamu, akatia sahihi. Alimsogezea Falis barua lakini kidole chake kikabaki juu yake.

"Sasa umeajiriwa. Hakuna mtu anakulazimisha, na siwezi kukunyang'anya. Kwa roho yako tu, mwanangu, hata ndogo, mwambie pole."

Falis aliivuta barua kutoka chini ya kidole.

"Sitamwambia, Madam," alisema. "Siombi msamaha."